Hesabu ilikaa sawa, majibu yalikuwa ya uongo

Kujua udongo una arseniki kiasi gani si kazi kubwa: unauchemsha na asidi kali, unapima. Mimi nilitaka kujua imejishikiza wapi. Iliyogandia juu ya chembe yaweza kuondoka na maji. Iliyofungwa ndani ya madini ya salfaidi hutulia mpaka hewa iyale madini yenyewe.

Nikachagua njia ya hatua 5 ya mtafiti Wenzel na wenzake, ya mwaka 2001, ambayo kila hatua hutoa arseniki iliyoshikwa kwa nguvu zaidi kuliko iliyotangulia: salfeti, fosfeti, oksaleti, kisha oksaleti yenye asidi ya askobiki kwenye nyuzijoto 96, na mwisho asidi ya nitriki. Hatua ya fosfeti ndiyo niliyoipenda. Arseniki udongoni mara nyingi hubeba chaji hasi na hufanana sana na fosfeti, kwa hiyo fosfeti huipokonya kiti chake.

Sikuanza na udongo. Nilianza na madini ninayoyajua, mojawapo gothaiti, oksidi ya chuma yenye fuwele, niliyoitengeneza mwenyewe ikiwa na arseniki ndani ya fuwele. Hiyo ilipaswa kuvumilia hatua ya tatu, ambayo huyeyusha oksidi za chuma zisizo na fuwele tu, na kusalimu amri kwenye ya nne.

Haikuvumilia. Nilipotoa mirija kwenye sentrifuji, maji niliyotarajia yawe karibu meupe yalikuwa ya manjano yenye ukijani, na chuma kilikuwa kimejaa. Nilirudia kupima pH: 3.25, kama ilivyoandikwa. Siku mbili nikaishuku gothaiti yangu. Kumbe mashine ya kutikisa ilikuwa dirishani! Mwanga huisaidia oksaleti kuvunja hata fuwele, na maelekezo yalisema wazi saa 4 gizani. Nilisoma zile saa 4, giza nikaliruka. Nilipofunika mirija kwa foili, gothaiti ikatulia.

Arsenopairaiti, madini ya salfaidi yenye arseniki niliyoyajaribu pia, nayo ilitoa arseniki kwenye fosfeti, jambo lisilotakiwa. Nilikuwa nimeisaga wiki kadhaa kabla, ikashika kutu ndani ya chupa. Niliposaga mpya asubuhi ya kazi, kiasi kilipungua sana, ingawa hakikuisha.

Halafu kifaa chenyewe cha kupimia, ambacho huchoma sampuli kwenye plasma, gesi ya argoni yenye joto kali, kisha hutambua atomi kwa uzito wake. Sampuli tupu, zisizo na udongo wala madini, zilisoma arseniki kwa sababu vyombo vilikuwa na mabaki ya asidi ya haidrokloriki: argoni 40 ya plasma ikiungana na klorini 35 inatoa 75, uzito uleule wa arseniki. Nikawasha hali ya heliamu, gesi inayozuia miungano kama hiyo isifike kwenye kipimo, na arseniki hiyo ya uongo ikatoweka.

Kilichonitisha ni hiki: lile kundi lililoharibiwa na mwanga, nilipojumlisha hatua zote 5, lililingana vizuri na kipimo cha jumla. Arseniki haikupotea, ilihama tu kutoka hatua ya nne kwenda ya tatu. Laiti ungekuwa udongo, ningeripoti bila wasiwasi wowote. Sasa kila kundi la sampuli za udongo lina mrija mmoja wa gothaiti katikati yake, na huo ndio ninaousoma kwanza.