Tena

Siku nne nimelala na neno moja na kuamka nalo. Si tusi, wala halikusemwa kwa hasira. Mdogo wangu wa mwisho alilitamka kwa sauti yake ile ile ya siku zote, Jumapili, tumekaa barazani kwa Mama, karatasi yangu ya safari ya hifadhi ya Saadani imetandazwa mkekani na vikombe vya chai vimeikandamiza pembe zote nne.

"Dada, umeniweka nyuma tena."

"Nyuma anakaa mtu anayeaminika."

"Haya."

Basi. Akainuka akaingia ndani kwa Mama.

Wiki imekuwa na mambo yake: barua ya kuthibitishwa kazini imetoka, na wifi yangu amejifungua salama mtoto wa kike. Lakini nikizima taa ninachosikia ni hilo "haya".

Na nilikuwa nimepanga vizuri, jamani. Magari manne. Dada mkubwa anatoka Tanga, njia yake haina mjadala: anateremka Pangani, anavuka mto kwa pantoni hadi Bweni, anashika njia ya Mkwaja na kuingia hifadhini kwa upande wa kaskazini. Sisi watatu tunaotoka Dar ndio tulikuwa na njia mbili. Ya Bagamoyo na Makurunge ni fupi, ila kuna ujenzi, leo unapita hapa, kesho unazungushwa kule. Nikachagua ya Chalinze. Pale kuna mafuta, kuna fundi, watoto wanapata choo. Unashika barabara ya Segera, unavuka Wami, ukifika Mandera unaiacha lami, unakata kulia kupitia Miono, kama kilomita 60 za vumbi. Hata namba ya malipo nilishaichukua, maana getini hawapokei fedha taslimu. Kisha nikaandika mpangilio: sisi mbele, mjomba katikati, yeye nyuma.

Tena. Nimelitafuta hilo "tena" limetoka wapi, na nadhani nimelipata. Baba alitupeleka Saadani tukiwa wadogo, bado ni pori la akiba, kabla halijawa hifadhi ya taifa mwaka 2005. Sisi wakubwa tulikaa kwenye viti. Yeye, kwa kuwa mdogo, alipakiwa nyuma kabisa na mizigo, katikati ya ndoo na magodoro. Tulipofika sisi tumeshaiona bahari na tumeshapiga kelele zetu zote, ndipo mtu akakumbuka kwenda kumshusha. Kwenye msafara wa harusi yangu alikuwa nyuma. Kwenye msiba wa Baba pia.

Jana usiku nikaichukua ile karatasi tena, si kwa ajili yake, nilitaka kuhesabu mafuta. Ndipo nikaona. Gari lake liko chini. Kule ndani kuna udongo mweusi wa mfinyanzi, ukilowa kidogo tu unanata na kuyameza magurudumu, na mwezi wa sita hauna ahadi. Akikwama akiwa wa mwisho nani atajua? Sisi mbele tumefunga vioo kwa vumbi, mtandao wa simu wa kubahatisha, tutamkumbuka getini. Gari la nyuma linatakiwa liwe lile linaloweza kuvuta mengine. Hilo ni letu. Nililiweka mbele kwa sababu mimi nimezoea kukaa mbele. Ile habari ya mtu anayeaminika niliitunga palepale, na alijua.

Alfajiri nikampigia.

"Nimebadilisha. Unaongoza wewe hadi Mandera. Tukiacha lami unakaa katikati, sisi tunafunga msafara."

Kimya. Nikadhani simu imekatika.

"Sasa kamba nimpe nani?"

"Kamba ipi?"

"Ya kuvutia magari. Nilinunua Jumatatu. Si ulisema nipo nyuma?"

Jumatatu! Siku moja tu baada ya "haya". Mimi huku nageuka kitandani nikidhani amenuna, mwenzangu yuko dukani anapima kamba ya kutuokoa sisi. Nikamwambia aje nayo, na sauti ikanigoma. Akauliza kama ufukweni Madete watoto wataona kasa, nikamwambia ndipo wanapotagia, tutaomba askari wa hifadhi atuelekeze. Tukaongea hadi chai yangu ikapoa. Siku nzima ya leo nimeifanya kazi nikiwa mwepesi.

Ila Mama. Ile Jumapili alikuwa anatafuna upande mmoja tu, mkate anauchovya kwenye chai mpaka unalegea kabisa. Leo jioni nimemuuliza, akasema hakuna kitu, kisha haraka haraka akaniuliza kama Saadani usiku kuna baridi.