Siku moja maishani mwangu: kuleta ajaili kwenye timu ya programu, Mtwara

Saa 12:30 asubuhi. Vitumbua na chai hapa Mikindani kabla ya daladala ya mjini. Mama muuzaji ananiuliza tena kama nimempatia kioo cha simu yake iliyopasuka. Nimeshamweleza kuwa sitengenezi simu. "Si unafanya kazi za kompyuta, mwanangu?" Nafanya, mama, ila kompyuta zenyewe hazinisumbui. Ofisi yetu inaandika mfumo wa kupokelea korosho kwenye maghala ya vyama vya msingi, na mimi nimepewa kazi ya kuihamishia timu kwenye ajaili, yaani kutengeneza programu kwa vipande vifupi ambavyo mteja anaviona na kuvisahihisha mapema, pole pole, bila kuvunja mkataba wala kumvunjia mtu heshima.

Timu imezoea kwenda kwa ngazi. Miezi ya hati ya mahitaji, saini; usanifu, saini; kisha msimbo, yaani kuandika programu yenyewe; halafu majaribio mwishoni kabisa, mteja ameshasahau aliomba nini. Wenzangu huitetea njia hii kama vile imeteremshwa. Mchoro wa ngazi hizo unajulikana kutokana na makala ya Winston Royce ya mwaka 1970, na humo humo Royce ameandika kuwa kuzifuata hivyo ni hatari na ni kukaribisha kushindwa. Nilichapa ukurasa huo nikauweka mezani kwa mzee wetu wa hifadhidata. Anauwekea kikombe cha chai.

Saa 2:00. Ubao kwanza. Nilianza na kanbani, njia ya kuonyesha kazi zote kwenye ubao, kwa sababu haimnyang'anyi mtu cheo: unaanza na kazi kama zilivyo, unaziandika kwenye kadi, kila mtu anaona kipi kinasubiri, kipi kinafanywa, kipi kimekwisha. Baadaye ndipo nikaleta kikomo: kadi mbili kwa mtu, basi. Leo kijana mmoja ana nne. Mbili kazificha chini ya kibodi.

Saa 2:15. Kikao cha kusimama, dakika 15. Mzee anakaa, magoti yanamsumbua, na hakuna wa kumsimamisha. Zamani kila aliyesema alimgeukia bosi, akaripoti kama yuko mbele ya hakimu. Wengine wakasinzia macho wazi. Sikumfundisha mtu nadharia. Nilimwomba bosi awe anakunywa chai hadi saa 2:30. Tangu hapo wanaulizana wao kwa wao nani amekwama.

Kuanzia hapo hadi saa 5 ni msimbo, majaribio, umeme kukatika, jenereta, umeme kurudi.

Saa 5:00 anaingia mwakilishi wa mteja, mkataba kwapani. Niliomba aje na karani wa mizani, na kwa bahati kaja naye. Tunafungua sehemu inayofanya kazi tayari: jina la mkulima, uzito, daraja, risiti inatoka. Mwakilishi haangalii kioo. "Hati ya usanifu iko wapi? Awamu ya pili inasema nakala tatu zenye mhuri." Tunampa. Anaisoma ukurasa kwa ukurasa, kidole kwenye mstari, anasahihisha nukta. Nusu saa. Anauliza kwa nini jina la chama limepigwa wino mzito ukurasa mmoja na mwingine halikupigwa. Feni inazunguka, vijana wananitazama, nami natabasamu hadi mashavu yanauma.

Karani, huku nyuma, kavuta kiti. Kaingiza mkulima mmoja, wa pili, kisha kasimama. "Samahani jamani. Mtu akija na magunia sita, manne daraja la kwanza, mawili la pili, hapa nachagua lipi? Na huyu aliyeleta korosho za mama yake, pesa itaingia benki kwa akaunti ya nani?"

Kimya. Hati yote ile, na maswali hayo mawili hayamo. Mzee anafungua daftari lake, anaandika. Mwakilishi anainua kichwa: "Hilo halimo kwenye hati. Mliombe kwa barua."

Vijana wangu wangecheka kama wangethubutu. Mimi simcheki. Korosho zimekuwa zikiuzwa kwa stakabadhi ghalani, yaani mkulima anaweka mzigo ghalani na kupewa karatasi ya kuuthibitisha, tangu msimu wa 2007/08, chini ya sheria ya 2005. Kwa watu hawa karatasi yenye mhuri ni fedha ya mtu. Na kusema kweli ni fedha yetu pia, maana awamu hulipwa kwa hati. Kwa hiyo sibishani na mhuri. Nampendekezea kitu kimoja: hati ibaki, ila kila baada ya wiki mbili karani aone kipande kinachofanya kazi, na alichokiona kiingie kama kiambatisho, kigongwe mhuri. Anazunguka, anapiga simu mbili nje, anarudi, anauliza viambatisho vitakuwa na namba gani. Anakubali saa 8 kasoro. Wali umeshapoa na pweza amekuwa raba.

Mchana sijui ulipitaje. Najua kijana wa kadi nne alinifuata, kaangalia video, anataka skramu nzima (aina ya ajaili yenye vipindi vifupi na vikao vyake maalumu) kuanzia Jumatatu na hati zifutwe, kwa sababu ilani ya ajaili ya 2001 inasema programu inayofanya kazi mbele ya nyaraka nyingi. Nikamwambia asome na mstari wa mwisho, walipoandika wale 17 walioitunga kuwa vya upande wa kulia, nyaraka zikiwemo, navyo vina thamani. Hakufurahi. Nikamrudishia kadi zake mbili kwenye safu ya kusubiri, akafurahi kidogo zaidi.

Mzee kwa hiari yake alitoa kadi ya madaraja kwenye "imekwisha" akairudisha kwenye "inafanywa". Hakusema neno, na mimi nikajifanya nasoma barua pepe.

Jioni bosi ananiita: ajaili itapunguza muda kiasi gani? Sina namba ya kumpa. Nikamwambia mabibo yameanza kudondoka, minada kwa kawaida hufunguliwa Oktoba, na siku hiyo kupima na kutoa risiti kutakuwa kunafanya kazi. Taarifa za mwaka zitafuata. Akakuna kidevu. Kisha akauliza kama karani anaweza kuja kila mara. Anaweza, akilipiwa nauli.

"Nauli hiyo iingie fungu gani?"

Tukabishana fungu hadi giza likaingia.