Nani Atamshika Mtoto Nikiandika?

Jumamosi ya kwanza tulikwenda na hotuba. Tulikuwa wanafunzi wanane wa chuo kikuu hapa Morogoro, na kwa wiki mbili tulikuwa tumeandaa maneno ya kuwatia moyo mabinti waliokatisha masomo kwa sababu ya mimba, pamoja na bango la manila lililoandikwa kwa kalamu za rangi. Katika ukumbi tulioazimwa walikuja mabinti 12 na watoto 9, na kabla mwenzetu hajamaliza salamu, watoto watatu walikuwa wakilia kwa mpigo. Binti mmoja aliyeketi karibu na mlango, akiendelea kumbembeleza wake, alituambia kwa upole kabisa, "Dada, maneno mazuri tumeshaambiwa sana. Mtoto wangu nani atamshika nikiandika?"

Bango lile halikubandikwa tena.

Mabinti wale walikuwa na sababu ya kuchoshwa na maneno. Kwa miaka mingi kanuni za mwaka 2002 za kuwafukuza wanafunzi zilitumika kuwaondoa shuleni wenye mimba, na Juni 2017 Rais John Magufuli alitamka hadharani kwamba katika uongozi wake aliyepata mimba hatarudi shule. Tarehe 24 Novemba 2021 Profesa Joyce Ndalichako, aliyekuwa Waziri wa Elimu, alitangaza kuondolewa kwa katazo hilo, nami niliifurahia habari ile kana kwamba kila kitu kimekwisha. Sikujua kwamba kwa binti ambaye mama yake huondoka alfajiri kwenda sokoni, ruhusa ya kurudi darasani haijibu swali la nani atabaki na mtoto. Wengi wa mabinti wetu waliona haya pia kuketi dawati moja na wadogo zao, hivyo wakachagua kusoma nje ya mfumo rasmi na kujiandaa kwa Mtihani wa Maarifa, ule ambao mitaani huitwa QT, ambao humfungulia mtu njia ya kuufanya mtihani wa kidato cha nne akiwa mtahiniwa wa kujitegemea.

Basi tukagawana kazi. Wanne walifundisha Hisabati, Kiingereza na Baiolojia, wanne wakashika watoto, na kila baada ya saa moja tukabadilishana. Mwenzetu mmoja wa kiume, anayesomea kilimo, ndiye aliyekuja kuwa hodari kuliko sote wa kufunga mbeleko. Watoto waliomkataa kila mtu walilala mgongoni kwake huku akizunguka uwanjani akikariri aina za udongo, na majirani wakaanza kuulizana kama wale wote ni wake. Tulichanga fedha za uji wa lishe, kwa sababu tuligundua kwamba mama aliyetoka nyumbani bila kula hasikii somo la milinganyo hata ulieleze mara tano.

Makosa hatukuyakosa. Mwanzoni tuliwaita "watoto wetu", mpaka ikajulikana kwamba mmoja wao alikuwa mdogo kwangu kwa miezi minne tu. Mwenzetu mwingine alipiga picha na kichanga akaiweka kwenye simu yake kwa watu kuiona. Tulimtaka aifute siku hiyohiyo, na tangu hapo simu zilibaki ndani ya mikoba. Jambo la tatu lilikuwa zito zaidi. Tulikuwa na tabia ya kuuliza habari za baba wa mtoto, kwa nia njema, tukisahau kwamba kwa mujibu wa Sheria ya Elimu kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, anayempa mimba mwanafunzi anaweza kufungwa miaka 30, na kwamba swali letu jepesi lilimgusa binti mahali ambapo pengine wazee wa pande mbili walikwisha kukubaliana, bila yeye, kwamba asiseme. Tulikubaliana kutouliza tena, bali kumsikiliza anayetaka kusema, na kumsindikiza anayetaka kwenda kwenye dawati la jinsia polisi.

Udhaifu wetu mkubwa, hata hivyo, ulitokana na kuwa kwetu wanafunzi. Mitihani yetu ya chuo ilipofika tulitoweka wiki tatu, na tuliporudi mabinti wawili walikuwa wameacha. Likizo ndefu iliondoka na wengine watatu, mmoja akiwa amekwenda Dar es Salaam kufanya kazi za ndani. Anayejitolea kwa msimu humfundisha mwenzake kutomtegemea, na hilo siwezi kulilaumu kwa mtu mwingine yeyote. Sasa tuna ratiba ya zamu inayohusisha vyuo viwili vyenye kalenda tofauti, pamoja na bibi mmoja wa jirani ambaye hatumlipi chochote zaidi ya sukari, na ambaye hajakosa Jumamosi hata moja.

Novemba iliyopita yule binti wa karibu na mlango alikwenda kufanya mtihani wake. Nilikaa nje ya uzio, chini ya mwembe, na mtoto wake aliyekwisha kuota meno manne. Mapumziko yalipofika alitoka mbio, vidole vimechafuka wino, akamnyonyesha akiwa bado anahesabu kwa sauti ndogo swali lililomshinda. Mtoto akalala. Akanipa, akafunga vizuri kanga yake, akarudi ndani kwa ajili ya karatasi ya pili.