Nilivyojifunza kupiga gitaa kwa bomba kutoka kwa Hound Dog Taylor

Walionifundisha gitaa walisisitiza kwamba bluzi, ule muziki wa Wamarekani weusi, ya kutelezesha juu ya nyuzi bomba fupi linalovaliwa kidoleni haipigwi bila gitaa ghali na bomba la kioo lililoagizwa nje, na ushauri huo ulinichelewesha sana. Aliyenikomboa ni Hound Dog Taylor wa Chicago, mzee aliyepiga miaka mingi vilabuni, hasa Florence's, kabla ya kutoa albamu yake ya kwanza mwaka 1971. Bruce Iglauer, shabiki kijana aliyemsikia humo, alitumia urithi wa dola 2,500 kuirekodi kwa jioni mbili, na hivyo ndivyo kampuni ya kurekodi muziki ya Alligator ilivyozaliwa. Gitaa la Taylor lilikuwa la Kijapani la bei nafuu, na bomba lake lilikatwa kwenye mguu wa kiti cha jikoni, likatiwa shaba kwa ndani.

Basi nami nikachukua mguu wa kiti cha chuma kilichovunjika, fundi wa kuchomelea akanikatia kipande kwa bei ya soda, nikazisugua kingo kwa msasa mpaka zikaacha kukwaruza. Kilikuwa kipana mno, kikawa kinazunguka kidoleni na kuzigonga nyuzi, na kitambaa nilichokizibia kililowa jasho kikachomoka katikati ya wimbo. Ndipo nilipokunja kibati chembamba cha shaba na kukisukuma ndani kwa nguvu: bomba likashika kidole, likaongezeka uzito, na sauti ikajaa ajabu.

Nilishusha uzi wa kwanza, wa pili na wa sita kwa toni nzima, na wa tatu kwa nusu toni, ili nyuzi zikipigwa wazi zitoe kodi moja, yaani noti zinazopatana zikilia pamoja. Vidole vilivyo nyuma ya bomba lazima viziguse nyuzi, la sivyo zitavuma ovyo.

Hata hivyo, niliposikiliza kwa spika za masikio na kufuatisha peke yangu, kama nilivyoelekezwa, noti zilikuwa sahihi lakini muziki haukuchangamka. Kundi la Taylor halikuwa na mpiga besi. Brewer Phillips aliishika besi kwa gitaa la pili huku Ted Harvey akisukuma dramu, na ushirikiano huo waliujenga mbele ya watu wanaocheza. Nilimwomba ndugu yangu ashike nyuzi nene za gitaa lake, tukafungua sauti ya ampu, vile vikuza sauti vya gitaa, mpaka zikakoroma, na jioni hiyohiyo watoto wa jirani wakaanza kucheza uani.