Safari ya Amani, kumpandia Babu msambu

Basi la Amani, kule kwenye milima ya Usambara Mashariki mkoani Tanga, haliondoki stendi ya Muheza mpaka lijae. Siku hiyo kulikuwa na magunia ya mchele, madumu ya mafuta na masufuria makubwa ya shughuli, kwa sababu abiria wengi tulikuwa tunakwenda kwenye arobaini moja. Marehemu alikuwa mjumbe wa kamati ya mazingira ya kijiji chake. Sisi aliotufundisha miti tulimwita Babu tu.

Ukitoka Muheza unaacha michungwa, unapita misaji ya shamba la miti la Longuza iliyopangwa mistari kama askari wa gwaride, mara umefika Sigi. Pale kwenye geti la hifadhi bado lipo jengo la stesheni ya reli waliyoijenga Wajerumani. Reli yenyewe haipo tena. Kuanzia hapo ni kupanda mlima na kona kali, dereva yuko gia ya kwanza, na watu wanaanza kutoa makoti. Amani iko mita 900 hivi juu ya usawa wa bahari, na baridi yake si ya kusimuliwa kwa mtu wa Tanga mjini.

Nilishuka mapema ili nipite kwanza kwenye bustani ya miti ya kituo cha utafiti cha Wajerumani. Kituo kile kilianzishwa mwaka 1902, na mkurugenzi wake wa kwanza alikuwa Franz Stuhlmann. Wataalamu wake walijaribu mikwinini, mikafuri, kahawa, mpira na miti chungu nzima kutoka mabara mengine. Mingi ingali imesimama, minene, imeota kuvu. Majina ya wakubwa wa wakati ule yamo vitabuni. Waliochimba mashimo na kubeba miche kichwani hawakuandikwa, na jambo hili linaniuma kila nikipita pale. Babu naye alikuwa wa kundi hilo la watu wa jembe. Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani ilipotangazwa mwaka 1997, ya kwanza ya aina yake nchini, kazi kubwa iliyobaki ilikuwa ya vijiji vinavyopakana nayo: kulinda mipaka, kuzuia moto, kuotesha miche. Hayo ndiyo aliyoyafanya mpaka nguvu zilipomwisha.

Alikuwa na ugomvi na mhesi. Mti huo si wa milima ile. Ulipandwa, ukakua upesi, ndege aina ya fimbi wakala matunda na kutawanya mbegu, ukajaa kila palipokatwa miti. Babu aliona afadhali tuhangaike na msambu, ambao ni mti wa kwetu, hata kama unachelewa.

Na kweli unachelewa. Tunda la msambu ni kubwa kuliko nazi, mbegu zake zina mafuta yanayoganda yenyewe, na watu wa Amani huokota matunda chini ya mti na kuuza mbegu. Ila ukizifukia hivihivi, unaweza kungoja mwaka mzima kabla hujaona chipukizi.

Baada ya hitima na pilau nyumbani kwa Babu, mjane wake alitupeleka kwenye kitalu nyuma ya nyumba.

“Poleni na safari, wanangu. Kaeni hapa kivulini niwaonyeshe.”

Akachukua mbegu, akaingiza ukucha kwenye ganda, akalibandua polepole bila kuikwaruza mbegu ya ndani. Kisha akaitia kwenye mfuko wenye mchanga wa unyevunyevu. “Mzee alifanya hivi. Mkiiacha na ganda, mtazeeka mnangoja.”

“Na mche dume utaujuaje, Bibi?” kijana mmoja akauliza, maana msambu dume hauzai.

“Hujui mpaka utoe maua. Ndiyo maana hupandi mmoja.”

Basi tukapanda miche yote iliyokuwa tayari kwenye viriba, yaani mifuko ya kitalu, kwenye shamba lake linalopakana na msitu. Mabwana misitu walishika majembe pamoja nasi, imamu akaomba dua palepale kwenye mashimo. Hatukuweka jiwe la kumbukumbu. Mwenyekiti wa kamati alisema jina la Babu litaandikwa kwenye daftari la kitalu, ukurasa wa kwanza, pamoja na maelezo ya kubandua ganda, ili kila atakayekabidhiwa kitalu aanzie hapo. Daftari nikapewa mimi niliandike kwa mwandiko unaosomeka, na Bibi akakaa kando yangu kusahihisha.