Mbeya hadi Berlin: jina lako kwenye sanduku la barua

Mtu akipata kazi Berlin, nyumbani Mwanjelwa wanamuuliza habari za baridi. Baridi ni jambo dogo. Kinachowakwamisha wengi miezi ya mwanzo ni anwani.

Ukihamia Uyole unamsalimu balozi, unapita kwa mwenyekiti wa mtaa, basi umejulikana. Kule kujitambulisha ni sheria: ndani ya siku 14 tangu uingie kwenye nyumba, unajiandikisha Bürgeramt, ofisi ya wakazi. Zoezi lenyewe huitwa Anmeldung, na Berlin halina malipo. Beba pasipoti, fomu, na karatasi ambayo mwenye nyumba ametia sahihi kwamba umehamia kwake. Karatasi hiyo inaitwa Wohnungsgeberbestätigung (ulimi utazoea). Mkataba wa upangaji hauchukui nafasi yake, na wengi hurudishwa mlangoni kwa kosa hilo.

Miadi huombwa mtandaoni na huisha upesi. Ingia asubuhi na mapema, maana nafasi walizoahirisha wengine hurudi. Using'ang'anie ofisi ya mtaani kwako. Yoyote jijini inakuhudumia. Ukipangiwa tarehe iliyopita siku 14, tunza uthibitisho wa siku uliyoomba.

Cheti cha pale ndicho kinachofungua mengine. Wiki chache baadaye namba ya mlipa kodi inakuja kwa posta. Isipofika, mwajiri anaweza kukukata kodi ya mshahara kwa daraja la 6, lenye makato makubwa kuliko yote. Kilichozidi hurejeshwa, lakini baadaye, na hela unaihitaji mwezi wa kwanza. Mpeleka barua hatafuti namba ya chumba. Anasoma jina la ukoo kwenye kengele na kwenye sanduku. Umepanga chumba ndani ya nyumba ya mtu na jina lako halipo? Barua inarudi ilikotoka, wewe huna habari. Sisi tuliozoea S.L.P. na "ukishuka kituoni ulizia kwa mama fulani" tunachelewa kulielewa hili. Bandika jina, kama lilivyo kwenye pasipoti, siku unayokabidhiwa ufunguo.

Kwa hiyo ukitafuta chumba, swali la kwanza si bei. Uliza: naweza kujiandikisha hapa? Kisichoruhusu kinafaa wiki chache tu.

Kwenye bei, Kaltmiete ni kodi ya nyumba peke yake. Warmmiete inaongeza joto, maji na taka. Umeme na intaneti mara nyingi unalipa mwenyewe. Amana, yaani hela ya dhamana anayoshika mwenye nyumba, kisheria haizidi Kaltmiete ya miezi 3, na una haki ya kuilipa kwa awamu 3. Kwa aliyezoea kutoa miezi sita kwa mkupuo, hiyo ni nafuu. Anayedai yuko nje ya nchi, utume hela kwanza ufunguo uje kwa posta, ni tapeli, hata picha ziwe nzuri vipi. Na nyumba tupu ni tupu kweli: nyingi hazina jiko wala taa, ni nyaya tu zinaning'inia darini.

Turudi kwenye baridi. Aliyekulia Makete au Njombe akakanyaga sakitu asubuhi ya Juni ana mwanzo mzuri. Tofauti ni kwamba kwetu baridi huingia hadi ndani, ila nje jua linatoka. Kule ndani kuna joto, jua ndilo adimu. Wiki ya Krismasi linazama kabla ya saa 10 jioni. Nunua koti moja zuri na viatu hukohuko, ndani vaa nguo nyepesi kadhaa. Sweta nene litakutoa jasho ofisini. Hita ikiwa kwenye namba 3 inatoa takriban nyuzi 20.

Kosa la wageni ni kufunga madirisha msimu mzima. Mvuke wa kupika na kuoga unageuka ukungu ukutani, na gharama ya kuuondoa inaweza kukatwa kwenye amana yako. Zima hita, fungua dirisha wazi kabisa dakika 5 hadi 10, mara mbili tatu kwa siku. Kuliacha limeinamishwa kidogo kutwa nzima kunapoza ukuta tu na kupoteza joto.

Leseni ya Tanzania inakubalika miezi 6 tangu uwe mkazi, kisha ni mtihani wa nadharia na wa barabarani. Treni za mjini hazina geti, ila mkaguzi akikukuta huna tiketi ni euro 60. Jumapili maduka mengi yamefungwa, kwa hiyo nunua Jumamosi.

Usibebe nyama kavu, maziwa wala parachichi za Rungwe, forodha watazichukua. Chai ya Mufindi haina tatizo. Unga wa ugali utafute kwenye maduka ya Waafrika eneo la Wedding. Huko kuna barabara iliyopewa jina la mkoloni wa Kijerumani Carl Peters mwaka 1939. Tangu Agosti 2024 sehemu yake inaitwa Maji-Maji-Allee. Panda treni ya chini ya ardhi, U6, ushuke kituo cha Afrikanische Straße.