Nilivyohesabu kura za madiwani Uingereza

Hesabu yangu iligoma mara mbili. Karatasi zilikuwa 25, na kwenye kata ile kila mpiga kura aliruhusiwa kuchagua watu watatu, kwa hiyo nilitegemea kura 75. Nikapata 68. Nikarudia polepole, nikapata 68 tena. Ng'ambo ya meza wakala mmoja, mwenye ua la utepe wa rangi ya chama chake kifuani, akaandika kitu kwenye kijidaftari. Jasho likaanza kunitoka, na ukumbi wenyewe ulikuwa wa baridi.

Ilikuwa Ijumaa, tarehe 5 Mei 2023, kwenye ukumbi wa michezo wa mji mmoja mdogo mashariki mwa England. Jana yake halmashauri 230 za England zilikuwa zimefanya uchaguzi wa madiwani. Kesho yake Mfalme Charles alikuwa anavishwa taji, kwa hiyo vibendera vilitundikwa kila mahali, mpaka kwenye magoli ya mpira wa kikapu juu ya vichwa vyetu.

Wengi mmeniuliza niliingiaje pale. Nilijaza fomu tu kwenye tovuti ya halmashauri, kama kazi nyingine ya kibarua cha siku moja. Wanataka uwe na kibali cha kufanya kazi na usiwe umempigia mgombea yeyote kampeni. Basi. Na kwa kuwa tumefika hapo, niseme jambo ambalo wengi wetu hatulijui: Mtanzania, Mkenya, Mganda au Mnyarwanda anayeishi hapa kihalali ana haki ya kupiga kura na hata kumchagua mbunge, kwa sababu nchi zetu zimo kwenye Jumuiya ya Madola. Mrundi na Mkongo hawamo. Mwaka ule ndio ulikuwa wa kwanza kwa wapiga kura wote wa England kudaiwa kitambulisho chenye picha, na mimi nilipiga kura yangu kwa pasipoti ya Tanzania bila maswali. Kadi ya basi ya mzee inakubaliwa, ya kijana haikubaliwi. Hilo mpaka leo sijalielewa.

Kilichonishangaza kwanza ni masanduku. Kwetu kura zinahesabiwa palepale kituoni na fomu ya matokeo inabandikwa nje. Hapa vituo vinafungwa saa nne usiku, masanduku yanafungwa lakiri, yanapakiwa kwenye magari ya wasimamizi na kupelekwa sehemu moja. Matokeo ya kituo kimoja kimoja hayatangazwi kabisa. Kabla hata ya kuangalia nani kapata nini, mnahakiki kwanza: sanduku hili lina karatasi ngapi, na msimamizi wa kituo aliandika ametoa ngapi. Halafu karatasi za vituo mbalimbali vya kata moja zinachanganywa, ili mtu asiweze kusema mtaa fulani ulimpigia fulani.

Tukaambiwa pia karatasi zote zikae uso juu. Mgongoni zina namba, na mawakala hawatakiwi kuiona. Mara ya kwanza nilipogeuza fungu ili nilisawazishe kingo, msimamizi wa meza yetu, mama wa makamo aliyestaafu benki, aliniwekea kiganja juu ya mkono taratibu, kama anavyofanya shangazi unapotaka kuchota pilau kabla ya wageni.

Kata ya diwani mmoja ni rahisi, unapanga tu mafungu. Kata ya madiwani watatu ndiyo yenye shughuli. Karatasi za waliowapa wagombea wote watatu wa chama kimoja zinawekwa upande wake, na hizo zinahesabika haraka. Zinabaki za wachanganyaji: mmoja wa hapa, mmoja wa pale, na yule jirani ambaye hana chama. Nao ni wengi kuliko nilivyodhani. Hizo mnazibandika kwenye ubao, karatasi 25 kwa mara moja, moja ikiifunika mwenzake kiasi kwamba sehemu ya alama tu ndiyo inabaki wazi. Kisha unasoma jina la kila mgombea kwa mstari, kutoka kushoto kwenda kulia. Ubao ukiinuliwa, karatasi zinaning'inia, ndiyo maana wenyewe wanauita sketi ya nyasi.

Sasa zile 68. Yule mama akaniuliza, "Umehesabu na zile ambazo hazikupigwa?"

Sikumwelewa. Akanionyesha kwa ncha ya penseli: huyu alikuwa na kura tatu akatumia moja, ameacha mbili. Huyu ametumia mbili, ameacha moja. Tukapita mstari mzima, tukakuta zilizoachwa ni saba. Sitini na nane na saba. Nusura nimkumbatie.

Tangu hapo nikachora safu ya ziada chini ya majina ya wagombea, ya kura zilizoachwa, na nikaacha kuhesabu kwa Kiingereza. Nilikulia Muheza, nyumba ya wauza machungwa, na nimezoea kuhesabu matano matano kabla sijajua kusoma. Nikawa nanong'ona kwa Kiswahili, vijiti vinne, cha tano kinalazwa juu, na sketi zangu zikaanza kufunga kwa 75 moja baada ya nyingine. Yule wakala akahamia meza nyingine.

Kitu kimoja tu kiliendelea kunisumbua: alama. Kwetu unayemtaka unamwekea vema. Hapa unamwekea X, yaani alama ileile ambayo mwalimu alinichorea kwenye hesabu za darasa la nne. Ikaja karatasi yenye vema tatu safi, nikaiweka pembeni kwenye zile za kuamuliwa. Mama akairudisha. Maadamu nia ya mpiga kura inaonekana, inahesabiwa. Zinazokataliwa ni ambazo hazina alama rasmi, zilizozidisha idadi, zilizoandikwa kitu kinachomtambulisha mpiga kura, na zilizo tupu au zisizoeleweka. Mtu mmoja alikuwa ameandika insha nzima kuhusu mashimo ya barabarani bila kumchagua yeyote.

Kwenye kiti cha tatu cha kata yetu wagombea wawili waliachana kwa kura chache, zisizofika 20, na aliyeshindwa akaomba zihesabiwe upya. Sketi zote zikarudi mezani. Zangu hazikubadilika hata kura moja, na hilo nalitamba mpaka leo. Wangelingana kabisa, sheria ingemtaka msimamizi wa uchaguzi apige kura ya bahati nasibu: kwenye halmashauri ya Northumberland, kaskazini mwa England, mwaka 2017 kiti kiliamuliwa kwa kuvuta vijiti, na chama kilichokikosa kikakosa wingi wa halmashauri kwa kiti kimoja.

Alasiri simu za watu ukumbini zikaanza kulia kwa habari za halmashauri ya wilaya ya Mid Suffolk, ambako chama cha Kijani (Green Party, chama cha watetezi wa mazingira) kilichukua viti 24 kati ya 34. Hakikuwahi kuwa na wingi wa halmashauri popote England. Mawakala wa Kijani waliokuwa kwetu walipiga makofi, wa vyama vingine wakatazama sakafu.

Jioni nikampigia mjomba, ambaye amekuwa wakala wa wagombea udiwani huko nyumbani chaguzi nyingi.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Enhe, kuna aliyepigwa?"

"Hakuna, mjomba. Walipeana mikono."

"Na huyo diwani wenu, barabara atatengeneza?"

Nikamweleza kwamba barabara na shule ni za halmashauri ya kaunti, ambayo ina uchaguzi wake. Hii ya wilaya ina vibali vya ujenzi, nyumba na kuzoa taka.

Mjomba akanyamaza kidogo. "Mmehesabu mara mbili," akasema, "kwa ajili ya taka?"

Jumatatu ilikuwa sikukuu ya taji, taka hazikuzolewa. Walikuja Jumanne.